Pilau Niliyopika Siku Aliyokufa Baba Neema

Husna mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, umeniamkia nikakuitikia, kwa hiyo sizirudii hapa. Naandika nikiwa kibandani, saa tisa mchana. Mafundi wameshakula na kuondoka, masufuria nimeyaacha na ukoko wake. Wewe uko kwa msusi. Nimepiga hesabu kwamba mpaka nywele zako ziishe na mimi nitakuwa nimemaliza, maana nikikuona unaingia, mkono utaacha kuandika na nitaanza kukuuliza umekula nini. Unanijua.

Kuhusu Sumbawanga sikuagizi kitu. Koti umeshanunua, ualimu umesomea wewe, mimi niliishia la saba. Baba yako amekuagiza vya kutosha mpaka juzi nikamwambia, "Mwache mtoto, anakwenda kufundisha, haendi jeshini." Nina jambo moja tu, na nimeshindwa kukuambia usoni. Wiki nzima nafungua mdomo linatoka jingine. Jana nilikuita kabisa, ukaja ukakaa, nikaishia kukuuliza kama umeweka chandarua.

Jambo lenyewe ni ile pilau.

Najua umeshajua ni ipi. Uliniuliza mwenyewe wiki iliyopita, siku tulipopata habari kwamba yule dalali wa viwanja amefariki. Simu yangu siku hiyo haikutulia, kundi la mtaa lilikuwa linamwongelea yeye tu. Mtu aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wanne, nani angekaa kimya? Wengine wanacheka, wengine wanaweka vile vikatuni vya kucheza, mmoja akaandika kwamba sasa akawauzie viwanja wenzake huko makaburini. Fundi redio akawaambia, jamani, ana watoto yule, muacheni apumzike. Akajibiwa, "Na sisi tuliolala nje hatukuwa na watoto?" Wakaanza kutukanana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nina mwiko mkono huu na simu mkono huu, nikacheka, nikakusomea kwa sauti lile la makaburini.

Ukaniangalia. Ukasema taratibu, wala huna hasira, "Mama, tutapika pilau?" Kisha ukachukua ndoo ukaenda kuteka maji, na maji yalikuwepo.

Nilikaa chini, Husna. Miaka kumi na tano nilikuwa najidanganya kwamba ulikuwa mdogo na umesahau.

Ngoja nikueleze kuanzia mwanzo, maana kuna mahali wewe ulipaona na kuna mahali hukupaona. Baba yake Neema alikuwa mkubwa wa mgambo waliokuwa wakitufukuza sisi wa kando ya barabara. Tulimwita Filimbi. Aliipuliza kwanza, ndipo vijana wake wanashuka kwenye gari, na ukishaisikia una muda wa kuokoa kitu kimoja. Tulikaa nao mtaa mmoja, hapa hapa Ngarenaro, nyumba ya nne kutoka kwetu. Asubuhi mwanawe anakupitia mwende shule mmeshikana mikono, mchana baba yake anamwaga maharage yangu mtaroni. Hatukuwa tukisalimiana, lakini ninyi hatukuwatenganisha. Angalau hilo nililifanya sawa.

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi sita. Ulikuwa unaweka sikio tumboni kwangu na kuniambia mtoto amesema nini, na kila siku alikuwa anataka soda. Filimbi ikalia. Wenzangu wakakimbia, mimi nikashikilia sufuria. Ningeiachia tu! Wallahi, mara ngapi nimejiambia, wewe mwanamke, si ungeiachia? Lakini ilikuwa na chakula cha mafundi wote wa gereji ile, nikaona haiwezekani. Filimbi mwenyewe akaja akavuta, nikavuta, tukavutana mbele za watu, akanisukuma. Nikaangukia mtaroni, ukingo wa zege ukanipata ubavuni. Hakugeuka kuangalia. Jioni nilikuwa hospitali na mtoto hayupo tena. Alikuwa wa kiume. Baba yako alikwenda kumzika na mzee mmoja wa msikitini, wawili tu. Wewe tulikuambia mama anaumwa tumbo. Niliporudi ukaendelea kuja kuniwekea sikio, mpaka baba yako akakuambia basi.

Kwa hiyo nilimchukia yule mtu, na sitakudanganya kwamba nilikosea kumchukia. Hilo silo ninaloliandikia. Kila nikiswali nilimwombea mabaya, tena kwa majina yake yote matatu, malaika wasije wakakosea mtu.

Ikapita kama miezi mitano. Siku hiyo saa nne asubuhi habari ikafika gereji kwamba lori limemgonga na pikipiki yake, na hakufika hospitali akiwa mzima. Halafu fundi mmoja akagonga bati kwa spana, mwingine akajibu, gereji nzima ikawa inagongwa. Kijana mmoja akatoa filimbi sijui wapi akaipuliza, watu wakaanza kukimbia kimchezo huku wamebeba ndoo tupu, vicheko hewani. Si wote, lakini. Mama muuza mkaa alijifunika kanga kichwani akasema, "Mauti haya jamani, mauti," akafunga biashara yake akaondoka. Mafundi wawili waliendelea na kazi zao. Mmoja wao nilimsikia akisema, "Alikuwa mbaya, lakini mimi siwezi." Nikamwona mwoga.

Mimi nilipiga vigelegele. Mimi ndiye niliyeanza, Husna. Wanawake wengine waliitikia baada yangu, na pengine bila mimi wasingethubutu.

Unaijua ile sufuria yangu kubwa, ya kupikia shughuli. Hakuna msiba hapa Ngarenaro ambao haikwenda, wa Mwislamu wala wa Mkristo, na sijawahi kumdai mtu shukrani. Saa sita wakaja nyumbani vijana wawili, wana adabu zao, wakaniamkia. Wakasema msiba umewekwa kwa kaka wa marehemu, kule mtaa wa Sakina, wametumwa kuazima sufuria. Nikawaambia, "Leo ina kazi." Hawakuniuliza kazi gani. Walipotoka tu nikaibandika motoni.

Nilipika pilau, mwanangu. Nilitia nyama kama ya harusi, nikatia viungo mpaka mtaa mzima ukanukia, na nilipokuwa nageuza nilikuwa naimba. Ukarudi shule ukanikuta hivyo. Ukatupa mfuko wa madaftari ukauliza, "Mama, leo Idi?"

Nikakujibu, "Leo ni kubwa kuliko Idi."

Ukafurahi! Ukanawa mikono bila kuambiwa. Nikakupangia sahani kwenye sinia, kama tulivyokuwa tukifanya kila sikukuu, na nikakuambia maneno yale yale niliyokuwa nakuambia kila Idi tangu ulipoweza kubeba kitu bila kumwaga: anzia kwa muuza mkaa, nenda mpaka bombani, Wakristo na Waislamu, usiruke nyumba. Sikufikiri. Yalitoka tu, kwa mazoea. Na wewe ukaenda.

Ulirudi mara tatu kuchukua nyingine. Mara ya nne ulirudi unacheka, ukaniambia, "Mama, Neema amesema tamu sana. Kwao kumefungwa, wamekaa kwenye ngazi yeye na mdogo wake, wanamsubiri mama yao. Wamekula yote. Nimewaambia leo ni kubwa kuliko Idi."

Kumbe watu wote wa nyumba ile walikimbilia hospitali na Sakina, na kwa kuchanganyikiwa kule hakuna aliyewakumbuka wale watoto. Walitoka shule kama wewe, wakakuta kufuli, wakakaa. Hawakuwa wanajua lolote. Wamekula pilau ya kufurahia kifo cha baba yao, wakailamba na sahani.

Nilikupiga na mwiko. Nilikuuliza, "Nani kakuambia uende kwao? Nani?" Ukawa unalia unasema, "Wewe, mama. Umesema nisiruke nyumba." Kila ukisema hivyo naongeza. Mwiko ulikuwa wa moto bado. Alama iko mkono wako wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, na mimi ndiye niliyekufundisha ukiulizwa useme umeungua na uji. Mpaka leo watu wakikuuliza unasema uji. Nilikusikia ukimwambia hivyo yule mwenzako wa chuo mwezi uliopita, na nilikuwa nakata vitunguu, nikapata pa kusingizia machozi.

Nimejiuliza sana kwa nini nilikupiga. Nilitamani jibu liwe kwamba nilimwonea huruma Neema. Hapana. Nilikupiga kwa sababu ulipolitaja jina lake ndipo nilipokumbuka kwamba yule mtu alikuwa baba wa mtu, na sikutaka kukumbuka, nilikuwa bado nasherehekea. Ulikuja kunikatiza.

Baba yako aliporudi alisikia harufu tangu njiani. Nikamweleza, kwa fahari kabisa, nikamwekea sahani. Hakuigusa. Alivaa shati safi. Nikamuuliza, "Unakwenda wapi?" Akasema, "Sakina, msibani." Nikamwambia, "Yule aliyemuua mwanao?" Akanijibu, "Mimi ndiye niliyemzika, Mama Husna. Na naenda." Sikuongea naye karibu mwezi mzima. Nilimwona msaliti.

Sasa nakuja kwenye ile sehemu iliyo mbaya kuliko zote, na hii uliiona kwa macho yako.

Siku ya nne, baada ya mazishi kule Oldonyo Sambu kwao, Mama Neema alikuja nyumbani. Nguo nyeusi, amekonda kwa siku nne tu. Ameshika ile sahani yetu ya buluu, imeoshwa, ndani ameweka sukari kwenye karatasi, maana hakutaka irudi tupu. Mjane wa siku nne, Husna, anawaza sahani isirudi tupu! Akasema, na maneno yake nayakumbuka yote:

"Mama Husna, waliponiambia umekataa kutoa sufuria, nilikuchukia. Nikasema basi, ana haki yake. Kumbe ulikuwa unawapikia wanangu. Watoto hawakuwa na mtu siku ile. Ndugu zangu waliwasahau, hata mimi mama yao niliwasahau. Ukawakumbuka wewe, kwa yote aliyokutendea mume wangu. Mungu wako akulipe."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, mkono umefungwa kitambaa. Ukanitazama. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa unasubiri niseme.

Nikasema, "Kawaida tu, jirani. Watoto ni watoto."

Nikapokea sukari. Tukanywea chai.

Habari zikaenea. Mama Husna amesamehe. Mama Husna kalisha watoto wa adui yake. Wanawake wa darasa msikitini wakawa wananitolea mfano, na muuza mkaa, yule aliyefunga biashara siku ile kwa sababu yangu, na ambaye ulipompelekea sahani hakutaka hata kuifunua, naye akaanza kujiuliza kama alinielewa vibaya. Alikuja kuniomba radhi. Nikaipokea radhi yake pia! Mwanzoni ilikuwa inanichoma, baadaye nikaizoea, na baadaye zaidi, mwanangu, nikaipenda. Nilikuwa nikitembea mtaani kichwa juu.

Mama Neema alihamia Oldonyo Sambu na watoto wake mwaka ule ule. Rafiki yako akaondoka, ukalia, nikakuambia utapata mwingine. Na kila mwaka wakivuna, gari la kwao likishuka mjini, ananiwekea kiroba cha viazi. Umevila hivyo viazi utoto wako wote. Kila vikija ulikuwa unavimenya kimya, na mimi naongea sana siku hizo, wewe mwenyewe umewahi kuniambia, "Mama, siku ya viazi unaongea." Nilijifanya sijaelewa.

Basi baada ya lile swali lako la wiki iliyopita sikulala vizuri. Alhamisi nilikuambia nakwenda kuangalia maharage ya bei nzuri. Uongo. Nilikwenda Oldonyo Sambu. Vumbi kule, na upepo, na Mlima Meru ukiuona kutokea upande ule hauujui, nilishangaa kama mgeni. Nilimkuta Mama Neema uani anapepeta maharage. Akaruka kunikumbatia, akaita watu waje wamwone mama aliyewalisha wanawe. Nikamwambia, "Nipe pa kukaa kwanza, halafu waondoe hao watu."

Nikamweleza. Vigelegele, sufuria, Idi, mwiko, sukari, vyote. Sikujitetea kwa ile mimba, ingawa ilikuja mpaka kwenye ulimi. Alikuwa na ungo mapajani. Mwanzoni aliendelea kupepeta, halafu akaacha, maharage yakatulia. Kuku wakaja wakadonoa ungoni na hakuwafukuza.

Halafu akauliza, "Husna ulimpiga?"

"Nilimpiga."

"Kwa kuwaletea wanangu chakula."

"Ndiyo."

"Na nilipokuja na sahani, alikuwepo pale. Nilimwona na kitambaa mkononi. Nilimuuliza amefanya nini, akasema uji."

"Nilimfundisha mimi."

Akaweka ungo chini. Hakupiga kelele, Husna, ningependa angepiga. Akasema, "Mimi leo sina la kukuambia, Mama Husna. Labda nitakuwa nalo, labda sitakuwa nalo. Lakini mume wangu alikuwa na mtu mmoja mtaa mzima ule aliyekuja mlangoni kwetu siku aliyokufa, na alikuwa ni mtoto wa miaka minane, na alikwenda kupigwa kwa hilo. Nenda kamwombe yeye radhi. Ukishamaliza kwake ndipo uje kwangu."

Akanisindikiza mpaka barabarani, kwa heshima, kama mgeni yeyote. Safari hii sikupewa viazi.

Kwa hiyo hii siyo barua ya wosia. Wenzangu wakiagana na watoto wao wanawaachia hekima, mimi nakuachia hili. Sikuambii usifurahi adui yako akifa. Siwezi kukuambia hivyo, kwa sababu mimi nilifurahi, na nikimkumbuka mtoto wangu wa mtaroni kuna siku bado nafurahi, kisha najionea haya, kisha nafurahi tena. Sijui hayo yanaisha lini. Ninachojua ni kwamba moyo wangu ungeweza kufurahi wenyewe ndani huko, kimya kimya, pasipo kukuita wewe. Nikakuita. Nikakupa sinia. Furaha yangu chafu nikaibebesha mikono yako, na ilipokwenda vibaya nikakuachia wewe kosa, na ilipogeuka sifa nikaichukua mimi.

Najua ulikua ukidhani ulifanya kitu kibaya kwa Neema. Najua kwa sababu hukuwahi kumtafuta, hata ulipopata simu, hata ulipokuwa chuo na yeye yuko Moshi hapo karibu. Namba yake nimeiomba kwa mama yake, akanipa bila neno. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Utampigia au hutampigia, siulizi.

Nakuomba radhi, Husna. Kwa mwiko, kwa uji, kwa sukari, kwa kukutazama pale mlangoni na kunyamaza. Usiniandikie kwamba yameisha kama hayajaisha. Ukiniambia hapana, nitaipeleka hapana yako Oldonyo Sambu kama ilivyo, niiseme mbele ya Mama Neema kwa mdomo wangu. Ukihitaji mwaka, chukua mwaka.

Nakusikia nje, unacheka na muuza mkaa. Usiku nitaitia barua kwenye begi lako nyumbani, katikati ya kanga zako, utaikuta ukishafika. Leo nitakuuliza tu umekula nini.

Lakini hili lijue kabla hujasimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha jema na baya. Siku ile ulitumwa na ukafika kila mlango, kama ulivyofundishwa. Aliyeruka nyumba ni mimi.

Mama yako